Kazi ya Wambui, Niliyoitengeneza Hadi Ikaharibika

Nyinyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa biashara, kabla hamjauliza huyu ni nani wa kutuandikia sisi, wacheni nijitambulishe. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa na duka mkabala na geti la kampasi hapa Nakuru. Kuchapa, kutoa nakala, kufunga vitabu: hayo ndiyo yaliyoandikwa mlangoni. Yaliyofanyika ndani ni mengine. Ndani nilikuwa nafundisha. Sijaona mhadhiri aliyeketi na mtoto wa mwaka wa kwanza, bega kwa bega, akimwonyesha aya yake imeanzia wapi na imepotelea wapi. Mimi niliketi nao kila siku, Jumapili ikiwemo. Kuna meneja wa benki hapa mjini ambaye hawezi kunipita barabarani bila kusimamisha gari. Kuna mama mwenye maduka mawili ya hardware ambaye aliandika sentensi yake ya kwanza ya maana kwenye kiti changu cha plastiki, akilia.

Na hayo yote niliyafanya na darasa la saba. La nane sikulimaliza.

Hilo la darasa wengi wenu mtalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Wanafunzi waliniita Prof, na nikaliachia jina likaniganda. Mtu akiniuliza, "Prof, wewe ulisomea wapi?" nilikuwa nasema, "Nilisoma kitambo, nikaacha, nikaingia biashara." Huo haukuwa uwongo, mradi tu hakuna anayeupima. Waliondoka wakiamini niliacha chuo kikuu, nami nikawaacha waamini. Ilikuwa inanifaa. Mtoto anamsikiliza Prof kuliko anavyomsikiliza mwenye mashine ya fotokopi.

Kazi yenyewe nilifunzwa mtaani Bondeni, na mwanamke aliyeitwa Mama Zuhura. Babu yake alitoka pwani, na yeye Kiswahili chake kilikuwa kinakusafisha masikio. Alikuwa na taipureta mbili kwenye chumba kinachotazama barabara. Watu walimjia na shida zao: barua ya kuomba kazi, barua ya shamba, malalamiko ya nyumba za kaunsili. Mimi nilikuwa mbeba magunia sokoni. Mgongo ukanishinda, akanichukua nimbadilishie utepe wa wino, baadaye nikaanza kuchapa. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyake ndani ya mwaka mmoja. Hilo alilikubali mwenyewe, na hakuwa mtu wa kusifu.

Siku moja alikuja mzee aliyefutwa kazi ya ulinzi. Akasema aandikiwe hivi: nilikosa, nililala zamuni, naomba nirudishwe. Basi. Mimi kuona hivyo nikaona huyu mzee anajimaliza. Nikamchapia barua ya ukurasa mzima, yenye unyenyekevu uliotukuka na masikitiko yasiyo na kifani. Mama Zuhura akaisoma, akaichana katikati mbele ya mzee mwenyewe.

"Huyu akiitwa ndani akaulizwa maana ya maneno haya, atajibu nini?" akaniuliza.

"Mama, si nilikuwa namsaidia?"

"Ulikuwa unajisaidia wewe. Barua ni yake. Wewe hapo ni vidole tu, mwanangu. Chapa alichosema."

Nikachapa mistari mitatu, na mzee akarudishwa kazini. Mama Zuhura alishafariki, Mungu amrehemu, na mpaka leo sijaonana na mhadhiri aliyenifundisha jambo kubwa kuliko hilo. Kulijua ni kitu kimoja. Mtaona mbele nilivyolishika.

Sasa niwape yale ya kuwafaa, maana sikuja kulia tu.

Kitu cha kwanza kinachowaangusha mwaka wa kwanza si Kiingereza. Ni kutosoma swali. Mtoto anaona neno moja analolijua, anakimbia nalo. Kulikuwa na kijana aliyeitwa Kiprono, kwao ni karibu na Kariandusi, pale palipofukuliwa mashoka ya mawe ya kale na wanapochimba ule udongo mweupe. Aliniletea kurasa tano za kuchapa. Nikasoma ya kwanza: watu wa kale na mashoka yao ya mawe. Ya pili: mashoka. Ya tatu: bado mashoka.

"Kiprono, swali linasema nini?"

"Eleza jinsi biashara inavyowapa wafanyakazi moyo wa kufanya kazi."

"Na hawa watu wa mashoka walikuwa wafanyakazi wa nani?"

"Prof, hawa ndio wafanyakazi wa kwanza kabisa."

"Walilipwa?"

Akafikiria sana. "Nyama," akasema.

Watu wote dukani walicheka mpaka printa ikasahaulika. Lakini mimi nikamwambia, keti, hiyo nyama ndiyo insha yako. Nani alipewa kipande kikubwa na kwa nini? Na pale machimboni kwenu leo, nani anapewa kipande kikubwa? Akaandika upya saa ile ile, kwa mkono wake, na akafaulu vizuri. Mnaona? Hicho ndicho kipawa changu, na sioni haya kukitaja. Naweza kuona insha iliyojificha ndani ya upuuzi wa mtu.

Kwa hivyo soma swali mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili tafuta neno la kazi, lile linalokuamuru: eleza, linganisha, tetea, pendekeza. Lichoree duara. Mara ya tatu lifunike, ulieleze kwa lugha ya mama yako. Ukishindwa, bado hujaelewa, na ukianza kuandika utaandika mashoka.

Cha pili ni vitabu ulivyotumia. Kabla hujasoma hata sentensi moja, geuza daftari nyuma uandike: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, aliyekichapisha. Ukipata kitu cha kutumia, andika na ukurasa. Usijiambie nitakumbuka. Hukumbuki. Nimeona watoto wakikimbizana mpaka maktaba asubuhi ya kukabidhi kazi, wakitafuta kitabu ambacho wanakumbuka tu kilikuwa cha kijani. Na kuna msichana aliyeandika kwenye orodha yake: "Mjomba wangu, kwa simu, Njoro." Nilimcheka sana. Baadaye mhadhiri mmoja akaniambia kuna njia halali kabisa ya kuandika mahojiano, mjomba akiwemo. Kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa mjinga siku hiyo.

Cha tatu ni kazi ya kikundi. Mko sita, anayefanya ni mmoja, wengine wanaleta majina. Mimi nilikuwa na sheria. Printa haiwaki mpaka kila mwenye jina anieleze ukurasa mmoja, amesimama. Walinichukia. "Prof, hata lec haulizi hivi!" Nikawaambia ndiyo maana huyo mhadhiri wenu hajui mnachojua. Niliwahi kumrudisha kijana wa watu aliyekuja na suti na laptop ya bei kali, akaenda kuketi chini ya mti wa jakaranda pale nje na msichana aliyefanya kazi yote, akafundishwa. Alirudi baada ya saa nzima amelowa jasho, akaeleza kila kitu.

Mambo yamebadilika mbele yangu. Nilianza na taipureta na karatasi ya kaboni, ukikosea umeharibu nakala tatu. Zikaja diski, zikaja flashi zilizojaa virusi vya kampasi nzima. Nilikuwa naziosha flashi kama mtu anavyoosha watoto wanaorudi matopeni. Kisha kila mtu akawa na simu. Siku hizi mnaiambia simu iandike, inaandika, tena vizuri kuliko nyinyi. Wazee wengi wanawagombeza kwa hilo. Mimi sitawagombeza. Mimi nilikuwa hiyo simu kabla haijakuja.

Ndiyo nifike kwa Wambui.

Wambui alikuwa wa Kabazi, kule upande wa Subukia. Mwembamba, sauti ya chini, sweta ya shule ya upili bado anaivaa kampasi. Parokia ya kwao ilikuwa ikifadhili msichana mmoja kwa wakati, na zamu ilikuwa yake. Kila mtu kule kanisani alijua. Aliniambia siku ya kwanza, kama mtu anayeeleza mzigo aliobebeshwa: "Prof, nikianguka mimi, wameanguka parokia nzima."

Alikuwa ananijia kila Jumatano. Na huyu, nawaambieni, hakuwa mtu wa mashoka. Alikuwa anasoma swali. Alikuwa anaandika vyanzo vyake nyuma ya daftari kabla hata sijamwambia. Alichokosa ni kujiamini tu, na mwenye kujiamini nilikuwa mimi, kwa wote wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: chagua biashara ndogo unayoijua, ihoji, eleza inavyowashika wateja wake. Alama zake zilikuwa nyingi. Wambui aliandika juu ya mama yake, ambaye anauza miche ya kabeji na sukuma na vitunguu pale nyumbani. Kurasa tisa, kalamu ya bluu, Kiingereza kifupi kifupi. Kulikuwa na mahali aliandika kwamba mama akiuza miche kumi, anaongeza wa kumi na moja. Alimwuliza kwa nini. Mama akasema, mmoja utakufa tu, lazima. Mteja akihesabu shambani akakuta kumi imesimama, hatakumbuka kuna uliokufa.

Nilisoma hayo nikaona ni ya nyumbani. Nilikuwa na faili kwenye kompyuta niliyoiita Aya Nzuri. Ndani niliweka vipande vilivyonipendeza kutoka kazi za wanafunzi wa miaka iliyopita: utangulizi mzuri, hitimisho zuri, aya nzito nzito. Kwanza zilikuwa za kuonyesha tu, mtu aone kazi nzuri inafananaje. Halafu nikawa nachota moja hapa, moja pale, nikiona mtoto amekwama. Hakuna aliyelalamika. Alama zao zilipanda, na sifa zikaja kwangu.

Kwa kazi ya Wambui nilichota nyingi. Nilitoa mche wa kumi na moja, nikaweka aya juu ya uaminifu wa wateja yenye majina ya wataalamu watatu na miaka kwenye mabano. Ikawa kazi inayong'aa. Akaisoma kwenye kioo cha kompyuta, kidole kikifuata mistari.

"Prof, hawa watu watatu mimi siwajui."

"Utawajua mbele. Mhadhiri anawajua."

"Na ile ya mche?"

"Wambui, ile ni stori ya kumpigia shosho wako kijijini. Hapa ni chuo. Unataka waseme parokia ilimleta nani?"

Akakitoa kidole kwenye kioo. "Sawa," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Mlinzi wa getini alikuwa ameniambia wiki ile ile kwamba chuo kimenunua programu ya kukagua kazi za kunakili. Nilimwambia hizo ni hadithi za kutisha mafresha wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa kwa hiyo biashara kabla yake, angeniambia nini?

Wiki tatu baadaye Wambui alikuja mchana, duka likiwa limejaa. Hakulia, hakupiga kelele. Alisimama kando ya mashine mpaka mteja wa mwisho akatoka, kisha akaweka barua juu ya kaunta.

"Wamesema nimeiba."

Nikaisoma. Karibu nusu ya kazi yake ilikuwa sawa, neno kwa neno, na kazi ya mwanafunzi wa miaka miwili nyuma. Alitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu Alhamisi, saa nne asubuhi. Anaruhusiwa kuja na shahidi.

"Daftari yangu bado ninayo," akasema. "Zile kurasa tisa. Lakini watasema niliziandika juzi. Wewe ndiye unajua zilikuja kwanza. Uje tu useme ni wewe uliweka, Prof. Hakuna kingine."

"Nitakuja," nikamwambia. "Na suti nitavaa. Wewe usiogope, mimi hawa watu nawajua."

Nilimaanisha. Nataka mlijue hilo. Alhamisi niliamka nikanyoa, nikavaa ile suti ya kijivu niliyoshonewa na fundi wa Kihindi pale mjini, fundi ambaye huwezi kumpata bila miadi. Nilivuka barabara nimenyooka. Kwenye korido ya ghorofa ya pili kulikuwa na benchi, na Wambui alikuwa ameketi mwisho wake. Aliponiona alichukua mkoba wake akauweka mapajani ili nipate pa kukaa.

Nikamwambia ngoja nijiandikishe. Karani, msichana mpole, akanipa fomu. "Karibu mzee. Jaza hapa tu, watakuita." Jina. Nikaandika. Kazi. Nikaandika mwenye biashara. Uhusiano na mwanafunzi. Mshauri wa masomo, nikaandika, na nikajipenda kidogo. Mstari wa nne: kiwango cha elimu.

Kalamu ikasimama hapo. Mlango wa kamati ulikuwa wazi na mhadhiri mmoja, mtu niliyemfungia kitabu chake cha shahada ya juu kwa mikono yangu, akaniona.

"Aaa, Prof wetu!" akasema, akiwageukia wenzake. "Nyinyi hamjui huyu? Huyu ndiye anasomesha mafresha kuliko sisi! Prof, ulisema ulikuwa chuo gani vile?"

Walicheka vizuri, cheko la kukaribisha. Hawakuwa na ubaya wowote. Mimi nikaona kila kitu: nitaandika la saba, karani atasoma, huyu atasoma, kufika saa sita kampasi yote imesoma. Miaka kumi na tisa. Nikamwambia karani nimesahau miwani dukani, narudi.

Wambui alinyanyua kichwa. "Prof, unaenda wapi?"

"Miwani. Narudi sasa hivi."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa koti. Alikuwa anaiona, mkono wa miwani ulikuwa umechomoza. Nilishuka ngazi, nikavuka barabara, nikafungua duka, na mtu wa kwanza aliyeingia nikamtolea nakala za kitambulisho. Nakumbuka nilimtolea tatu na alitaka mbili.

Sikurudi.

Habari nililetewa na msichana aliyekuwa akiishi na Wambui, Achieng. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Amesimamishwa mwaka mzima," akasema. "Walimwuliza wale wataalamu watatu walisema nini. Akasema hawajui."

"Alinitaja?"

"Hakukutaja. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ukimtaja mtu na hayupo, ni kama unamsingizia." Akanitazama juu mpaka chini. "Mimi ningekutaja."

Wiki mbili nilikuwa nikijiambia mwaka mmoja si kitu, atarudi, mtoto bado mdogo. Kisha ikaja habari kwamba parokia haifadhili mwenye kesi ya nidhamu. Hapo ndipo niliandika barua kwa kamati, mistari mitatu, nikisema ni mimi, na elimu yangu nikaitaja kwa herufi zinazosomeka. Walinijibu kwa adabu. Kikao kilishafungwa, na rufaa ilikuwa na siku zake, zikapita. Zilikuwa zimepita kwa siku nne.

Nne, vijana.

Nilifuta faili ya Aya Nzuri. Niliendelea kufungua duka kwa miezi kadhaa, lakini mtu akiniita Prof nilikuwa namtolea nakala bila kumtazama usoni. Mwishowe nikauza mashine. Nina nyumba ya mawe Kiamunyi, nimeijenga kwa hiyo kazi, chumba kwa chumba, bila mkopo wa mtu. Siku hizi nafuga kuku. Wengi hudhani nilistaafu kwa sababu nilishiba.

Kabla sijauza mashine nilikwenda Kabazi. Ilikuwa Jumamosi. Nilifika na gari yangu mpaka tope likakataa, nikatembea kilichobaki. Mama yake alikuwa kwenye vitalu vya miche, mwanamke mfupi aliyevaa gambuti za mpira, mikono udongo mpaka kwenye viwiko. Nilipojitambulisha uso wake ulifunguka.

"Ni wewe Prof? Huyu mtoto alituambia, kuna mwalimu pale getini anasaidia watoto wa maskini. Ingia, ingia, mwalimu. Wambui! Leta kiti!"

Wambui alileta kiti, akakiweka kando ya meza nje ya jikoni. Alinisalimia kwa mkono, akiinama kidogo, kama mtoto aliyefunzwa vizuri, kisha akaenda kukoka moto wa chai. Nikajua hapo hapo hakumwambia mama kitu.

"Ati chuo imempa mapumziko," mama akasema, akishusha sauti. "Mimi sielewi hiyo mapumziko ni ya aina gani. Tafadhali, mwalimu, mwambie arudi. Wewe atakusikia. Mimi nilifika darasa la nne, sijui hata nimwambie nini."

Chai ikaja. Nikaishika bila kuinywa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Nakuru, na yote yalikuwa mazuri, na yote niliyaacha. Nikamwambia tu ilivyokuwa. Kwamba mtoto wake aliandika kazi yake mwenyewe, nzuri, juu yake na miche yake. Kwamba mimi niliitoa nikaweka ya watu wengine. Kwamba alishtakiwa wizi na wa kumtetea nilikuwa mimi, nikafika mpaka mlangoni, nikarudi. Wambui alikuwa amesimama karibu na moto, ametupa mgongo.

Mama alipanguza udongo kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Na wewe ulisoma mpaka wapi?" akauliza.

"La saba."

"La saba." Akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea jina la ugonjwa. "Mimi la nne. Huyu mtoto ameandika kazi za shule kwa hii meza miaka kumi na miwili, na mimi nimekaa hapo ulipo. Hujawahi kusikia nimeshika kalamu yake."

Akasimama. "Maliza chai, isipoe," akasema, akarudi kwa vitalu vyake. Nilimwona akiinama, halafu akakaa chini kabisa kwenye udongo, gambuti mbele, akakaa tu.

Wambui alinisindikiza. Tulitembea mpaka tukaona gari. Nikamwambia nitamlipia karo mimi, nina uwezo, nisipoweza nitauza ploti. Akasema asante, lakini mama hatakubali, na yeye pia hatakubali. Nikamwambia basi nimwandikie barua kwa parokia.

"Parokia wameshachagua mwingine," akasema. "Msichana wa pale juu, Nyambura. Amechukua biashara pia. Anaanza muhula huu."

Nikasema bure tu, "Ni mzuri darasani?"

"Anaogopa kuandika. Anakuja hapa Jumamosi, tunafanya pamoja."

"Wewe ndiye unamfundisha?"

"Simfundishi. Anasoma alichoandika kwa sauti. Nikisikia mahali hapaeleweki namwuliza alitaka kusema nini."

"Na akishindwa?"

"Namngoja."

"Akishindwa tena?"

"Namngoja tena," Wambui akasema. "Leo sina mahali pa kwenda."

Nilikuwa naingia garini wakati msichana mmoja aliteremka kwa njia ya juu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, daftari kifuani. Alinipa shikamoo, akapita. Waliketi kwenye jiwe kando ya ua, wote wawili, na mimi sikuwasha gari. Kioo kilikuwa chini. Nyambura alisoma sentensi, akasimama, akaisoma tena. Akafuta. Akaangalia juu ya mashamba kwa muda mrefu, kalamu mdomoni. Ungekuwa ni mimi ningeshamwambia jibu mara tano. Wambui alikuwa amekaa kimya kabisa, mikono yake yote miwili mapajani, mpaka yule msichana akainama akaanza kuandika.